Je, Tunahitaji Chama Kingine cha Kutetea Njia za Magari Porini?

Kila mara mamlaka za Marekani zinapotangaza mpango wa kufunga njia za magari porini, yaani njia za udongo na mawe ambako watu huendesha Jeep na pikipiki kwa burudani, hasa katika majimbo ya magharibi kama Utah, Colorado na California, haupiti muda mrefu kabla ya mtu kupendekeza kwamba kiundwe chama kipya cha kuzitetea. Kazi yangu ni kuchambua mipango ya matumizi ya ardhi ya umma na kuvisaidia vilabu vya madereva kuandaa maoni yao, na pendekezo hilo nalisikia karibu katika kila mkutano. Maoni yangu ni kwamba chama kingine cha kutetea njia zote za nchi nzima kwa mpigo hatukihitaji. Tunachokikosa ni vikundi vidogo vinavyoijua njia moja, au eneo moja, kiasi cha kuweza kuieleza kwa maandishi vizuri kuliko afisa anayetaka kuifunga.

Vyama vikubwa tunavyo tayari. California Four Wheel Drive Association ipo tangu 1959, na BlueRibbon Coalition tangu 1987. Tread Lightly! ilianza 1985 ndani ya Idara ya Misitu kama kampeni ya kufundisha uendeshaji usioharibu mazingira, kisha ikawa shirika linalojitegemea mwaka 1990. Waendesha pikipiki wana chama chao cha kitaifa, na majimbo mengi yana mashirikisho ya vilabu. Chama kipya cha aina hiyohiyo kitawaomba michango watu walewale na kuwategemea walewale wachache wanaojitolea, ambao tayari wamechoka.

Ili kuelewa kwa nini ukubwa pekee hausaidii, ni lazima tujue uamuzi wenyewe unavyofanyika. Tarehe 8 Februari 1972 Rais Nixon alitia saini amri namba 11644, iliyozitaka idara zinazosimamia ardhi ya shirikisho kutenga maeneo na njia za magari kwa namna itakayopunguza uharibifu wa udongo, mimea na vyanzo vya maji, usumbufu kwa wanyamapori, na migongano na watumiaji wengine. Rais Carter aliiongezea nguvu mwaka 1977 kwa kuzipa idara hizo uwezo wa kufunga njia mara moja pale madhara makubwa yanapoonekana. Mwaka 2005 Idara ya Misitu ikatoa kanuni iliyogeuza kabisa utaratibu uliozoeleka katika misitu mingi: hapo awali palikuwa wazi mpaka pafungwe, lakini tangu wakati huo njia ambayo haimo kwenye ramani rasmi ya magari huhesabiwa kuwa imefungwa, hata kama imepitwa kwa miaka hamsini. Vigezo vya 1972 ndivyo mahakama huvitumia hadi leo, navyo vinapimwa njia kwa njia. Afisa anatakiwa kueleza kwa nini njia hii mahususi inabaki na ile inafungwa.

Hapo ndipo wapinzani wetu wametutangulia. Southern Utah Wilderness Alliance, shirika la kuhifadhi mapori ya Utah lililoanzishwa 1983, haihangaiki na nchi nzima. Imejikita katika ardhi ya jimbo moja, ina mawakili, na watu wake wanaijua ramani. Kesi yao iliishia katika makubaliano ya mwaka 2017 yaliyoilazimu BLM, idara ya shirikisho inayosimamia sehemu kubwa ya ardhi hiyo, kuandaa upya mipango ya njia za magari katika maeneo kadhaa ya Utah. Mmoja wa mipango hiyo ni ule wa Labyrinth Canyon na Gemini Bridges karibu na mji wa Moab, ambao uamuzi wake ulitoka Septemba 2023: maili 317 za njia, yaani kama kilomita 510, zilifungwa katika mtandao wa zaidi ya maili 1,100. Miongoni mwa zilizofungwa ni njia ya Hey Joe Canyon, ambayo wapenzi wa Jeep waliokwenda Moab wanaifahamu vizuri.

Mpango wa namna hiyo hupitia kipindi cha kupokea maoni ya umma, na maoni hayana uzito sawa. Mtu akiandika, “Msifunge njia zetu, hii ni ardhi ya umma,” sentensi yake huwekwa katika kundi moja na nyingine za aina hiyo, na jibu moja la ofisi hutosha kwa zote. Lakini mwingine akiandika kwamba njia yenye namba fulani imeelezwa kwenye mpango kuwa haifiki popote, ilhali inafika ukingoni mwa korongo ambako watu hupiga kambi, akaambatisha picha zenye tarehe na alama za GPS, na akaonyesha kwamba njia ya jirani inayopendekezwa kubaki inapita ndani ya mkondo wa mchanga ambao mafuriko huufumua kila msimu wa mvua, huyo hawezi kupuuzwa, kwa sababu ofisi italazimika kumjibu kwa hoja. Maelezo yake pia yanaingia kwenye jalada la uamuzi. Shauri likifika mahakamani, jaji kwa kawaida husoma jalada hilo bila kupokea ushahidi mpya, na hoja ambayo haikutolewa wakati wa maoni mara nyingi huwa imepotea. Chama cha kitaifa kinaweza kuwahamasisha watu maelfu watume barua pepe iliyotungwa tayari, lakini hakiwezi kuujua ule mkondo wa mchanga.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Rubicon, njia ya mawe inayovuka Sierra Nevada huko California. Mwaka 2004 eneo la Spider Lake lilifungwa kwa sababu ya kinyesi cha binadamu, na mwaka 2009 bodi ya serikali inayosimamia ubora wa maji ikatoa amri ya kusafisha kutokana na tope, mafuta ya magari na uchafu huohuo. Hoja hizo zilikuwa za kweli. Kelele za haki ya kupita zisingezijibu, na Friends of the Rubicon pamoja na Rubicon Trail Foundation hawakujaribu kufanya hivyo. Watu wao walijitolea kutengeneza mifereji ya kuzuia mmomonyoko, wakawagawia madereva mifuko ya choo ili kila mtu atoke na uchafu wake, na wakawahimiza wabebe vitambaa vya kunyonya oili pale injini au difu inapopasuka juu ya mwamba. Njia bado iko wazi. Vivyo hivyo Friends of Oceano Dunes, kikundi cha ufuo mmoja tu, kiliupinga mahakamani uamuzi wa 2021 wa tume ya pwani ya California wa kusitisha uendeshaji kwenye matuta ya mchanga, na mwaka 2023 mahakama ikakipa kikundi hicho ushindi.

Nisieleweke vibaya kuhusu vyama vikubwa. Jeshi la Marekani lilipotaka kupanua kambi yake ya Twentynine Palms na kuchukua bonde la Johnson Valley huko California, ambako hufanyika mashindano ya magari ya King of the Hammers, uamuzi ulikuwa wa Bunge la nchi. Ilihitajika sauti ya pamoja, na sheria iliyotiwa saini Desemba 2013 iliokoa sehemu ya bonde hilo kwa ajili ya magari. Pia mawakili ni ghali, na mara nyingi ni chama kikubwa pekee kinachoweza kuwalipa.

Kwa hiyo anayeniuliza kama asajili chama namuuliza kwanza njia yake ni ipi, nani anaitunza, na mpango wa eneo hilo utafunguliwa upya lini. Ikiwa ina kikundi tayari, namshauri ajiunge nacho. Ikiwa haina, basi namsihi aunde, lakini aanze kwa kuipita yote akiwa na GPS na kamera, apige picha kila makutano, kila kivuko cha maji na kila mahali ambapo magari yamechepuka na kuumiza mimea, kisha apeleke kumbukumbu hizo ofisini kabla tangazo la kufunga halijatoka. Nembo na fulana zinaweza kungoja.