Mudharaba si mkopo uliobadilishwa jina

Juzi, pale mwaloni Kibirizi, Kigoma, nilimsikia mzee mmoja aliyempa kijana shilingi 2,000,000 za kununulia dagaa wa kupeleka Dar es Salaam, kwa sharti la kurudishiwa zote pamoja na 200,000 kila mwezi, akieleza kwa utulivu kabisa kwamba wamefunga mudharaba. Si wa kwanza kumsikia.

Mudharaba ni mkataba wa biashara wa Kiislamu ambao mmoja hutoa mtaji na mwingine hutoa kazi, faida wakaigawana kwa sehemu waliyokubaliana tangu mwanzo, na hasara ya mtaji ikawa ya mwenye mali peke yake, maadamu mfanyakazi hakuzembea wala kukiuka masharti.

Jina lenyewe linatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kupiga, ule ule uliotupatia dharuba, neno ambalo wavuvi wa Ziwa Tanganyika hawahitaji kufasiriwa. Kwa Waarabu, kupiga katika ardhi ni kusafiri, na Sura ya Muzzammil, aya ya 20, inawataja kwa lugha hiyo wanaotembea kutafuta fadhila za Mwenyezi Mungu. Ndani ya jina, basi, mna safari, na safari huweza kumrudisha mtu mikono mitupu, jambo ambalo sisi wa Ujiji, tuliokuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora, tungepaswa kulifahamu kuliko wengi. Wanazuoni wa Iraki ndio waliolitumia jina hilo. Wa Hijazi, upande wa Makka na Madina, waliuita mkataba huo huo qiradh, kutoka mzizi wa kukata, kwa kuwa tajiri hukata fungu la mali yake. Nadhani hapo ndipo watu wanapopotea, maana mzizi huo ndio pia wa karadha, yaani mkopo usio na riba, ilhali kisheria haya ni mambo mawili: aliyekopa hudaiwa hata mali ikizama, lakini aliyepewa mtaji wa mudharaba, ukizama bila kosa lake, hupoteza jasho lake tu. Ndiyo maana mkataba huu humwezesha kijana mwenye ujuzi na asiye na kitu kuthubutu biashara.

Mzee wetu asiache kumsaidia kijana huyo. Aibadilishe tu ile 200,000 iwe theluthi ya faida itakayopatikana, aliache sharti la kurudishiwa mtaji wote hata ukizama bila kosa la kijana, na mwezi ukiwa mpevu, dagaa wasipovuliwa na mitumbwi ya karabai ikilala ufukweni, asimdai kitu.