Je, wajua kwa nini karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja inaweza kuukata mwanga wa leza vipande vipande?

Chora mstari kwa penseli kwenye karatasi, ule weusi unaobaki ni madini ya kinywe, haya haya yanayopatikana kule Mahenge, Morogoro, na yameumbwa kama kitabu: kurasa za kaboni zimelaliana, zimeshikana kidogo sana ndo maana zinabanduka ukiburuza penseli. Mwaka 2004 kule Manchester, Andre Geim na Konstantin Novoselov walizibandua kwa selotepu, wakabandua tena na tena mpaka wakabaki na ukurasa mmoja, unene wa atomu moja tu. Ndo grafini hiyo, na mwaka 2010 wakapewa Nobeli ya fizikia.

Sasa leza. Leza ya kawaida inawaka mfululizo kama bomba lililofunguliwa, lakini kuna kazi zinataka mwanga utoke kwa mapigo mafupi mno, ya femtosekunde, yaani ugawe sekunde moja mara milioni bilioni. Kwa femtosekunde 100 mwanga, pamoja na mbio zake zote, unakua umesogea milimita 0.03, hata unene wa unywele haufiki! Hakuna swichi ya umeme inayoweza kuwasha na kuzima kwa kasi hiyo, kwa io mwanga wenyewe inabidi ujikate. Hapo ndo grafini inapoingia.

Ukurasa mmoja wa grafini unameza asilimia 2.3 ya mwanga unaopita, na kwa kitu cha atomu moja hiyo ni nyingi mno, kiukweli kila nikiifikiria nashangaa upya. Unameza vipi? Kila chembe ya mwanga ikimezwa inaipandisha elektroni moja kwenye kiti cha juu. Fikiria daladala ziko kituoni karibu na uwanja. Watu wakija mmoja mmoja wote wanapata siti, wanachukuliwa. Lakini mechi ya Simba na Yanga ikiisha watu wanamwagika kwa pamoja, siti zinajaa fasta na wengi waliobaki wanapita zao kwa miguu. Grafini iko hivo hivo: mwanga hafifu unamezwa, mwanga mkali unaokuja kwa mkupuo unajaza viti vyote na sehemu kubwa inapita salama. Halafu ndani ya muda mfupi mno, usiofika hata sehemu chache za trilioni za sekunde, elektroni zinashuka, viti viko wazi tena.

Basi chukua faiba ya kioo yenye madini ya erbiamu, yanayoupa mwanga nguvu, uifunge iwe duara la kama mita 10, mwanga uzunguke humo ndani, kila sekunde unapiga raundi kama milioni 20. Mwanzoni ni fujo tu, mwanga unapanda na kushuka ovyo. Ila kilele kimoja kikiwa kikali kidogo kuliko vingine, kikipita kwenye grafini kinapoteza kidogo, vile hafifu vinapoteza zaidi, raundi inayofuata tofauti inaongezeka, na inayofuata, baada ya raundi nyingi sana kinabaki kimoja tu kimekusanya nguvu zote, na kila kikifika kwenye sehemu ya kutokea mwanga kinatoa kipande chake nje. Ndo pigo hilo.

Na hiyo grafini inakaa wapi? Mafundi wa faiba mtanielewa haraka: kwenye ncha ya konekta. Pale katikati ambapo mwanga unapita pana upana wa kama mikromita 9, unabandika kipande cha grafini juu yake, unakutanisha na konekta nyingine, imeisha. Mwaka 2009 watafiti wa Singapore walifanya hivyo wakapata mapigo ya femtosekunde 756. Mwaka huo huo kebo ya intaneti ya baharini ya SEACOM ilifika Mombasa na Dar, na erbiamu hii hii ndo inayoupa nguvu mwanga kwenye kebo za baharini.

Mapigo mafupi namna hii yanatumika kukata konea, ile sehemu angavu ya mbele ya jicho, kwenye upasuaji wa kurekebisha macho, maana pigo linaisha kabla joto halijapata muda wa kusambaa pembeni, tishu za jirani haziungui.

Grafini sio pekee kwa kazi hii. Kuna molibdenamu na salfa zilizopangwa kurasa kurasa, kuna fosforasi nyeusi, na kila moja inapenda rangi zake za mwanga. Mimi nasimama na grafini kwa sababu haichagui rangi, kuanzia mwanga unaoonekana kwa macho mpaka infraredi ndefu isiyoonekana inameza, wakati vioo vya kuakisi mwanga vya semikondakta vilivyokua vikitumika kwa kazi hii tangu miaka ya 1990 kila kimoja kinatengenezwa kwa rangi zake. Lakini ile asilimia 2.3 inabana, ukitaka kumeza zaidi inabidi ulalishe kurasa kadhaa, na ukiongeza nguvu ya leza kupita kiasi inaungua. Fosforasi nyeusi inameza vizuri tu, shida yake hewa: ukiiacha wazi oksijeni na unyevu vinaila, kwa io watafiti wanaifunika kwa plastiki nyembamba kabla hawajaibandika kwenye ile ncha.