Je, askari wa Urusi ndio walioleta neno "bistro"?

Wengi huamini kuwa neno bistro, yaani mgahawa mdogo wa Kifaransa, lilizaliwa Paris mwaka 1814. Majeshi ya Urusi yalikuwa yameingia mjini, na inasemekana askari wenye kiu waliwahimiza wauza pombe kwa kusema "bystro", yaani haraka kwa Kirusi! Kibao kwenye mgahawa mmoja wa Montmartre, mtaa wa Paris, kinasimulia hivyohivyo, basi si ajabu kisa kimeenea.

Askari walikuwepo kweli. Kinachokosekana ni maandishi: neno hilo linaonekana katika Kifaransa mwaka 1884, miaka 70 baadaye. Ni vigumu kuamini kwamba neno la vilabuni lingekaa muda wote huo bila kuandikwa. Tena mwanzoni lilimtaja mwenye kilabu, si kilabu chenyewe. Wataalamu hupendekeza asili nyingine, kama bistouille, kinywaji cha kahawa na pombe kali, ingawa hakuna iliyothibitishwa.

Ukitaka kuhakiki, fungua kamusi ya kihistoria ya Kifaransa. Zipo za bure mtandaoni. Tazama mwaka neno lilipoandikwa mara ya kwanza, kisha uulinganishe na mwaka wa kisa.