Hita mpya haizibui bomba

Maji ya moto yakitoka kwa unyonge bafuni, wengi hukimbilia kununua hita mpya. Kazi ya hita ni kupasha maji tu. Msukumo hutoka kwenye tangi la juu au bomba la mtaani. Katika nyumba za zamani, tatizo mara nyingi ni bomba lenyewe la chuma. Likate uone: bomba la nusu inchi limejaa kutu ngumu ya kahawia, tundu lililobaki halipitishi hata penseli.

Kwa hiyo anza na mabomba. Fundi akuwekee PPR, bomba la plastiki la maji ya moto linalounganishwa kwa kuyeyushwa, la PN20 (daraja la shinikizo linaloandikwa kwenye bomba). PVC ya maji baridi usiikubali kabisa: maji yanayozidi nyuzijoto 60 huilegeza, na viungo huanza kuvuja ndani ya ukuta.