Klachi ya pikipiki kuukuu ikiteleza, si lazima pleti ziwe zimekwisha

Wengi huamini kwamba injini ikinguruma kwa nguvu huku pikipiki haiongezi mwendo, pleti za klachi zimekwisha na dawa ni kununua mpya. Imani hiyo ina msingi: pleti huisha kweli, hasa kwenye chombo cha miaka mingi. Ila mara nyingi chanzo ni kidogo zaidi.

Anza na waya. Injini ikiwa imezimwa, vuta mkono wa klachi polepole kwa kidole kimoja. Ncha yake inatakiwa kucheza bure kidogo, kwa pikipiki nyingi kama milimita 10 hadi 20, kabla waya haujakaza. Isipocheza kabisa, klachi haishiki yote na pleti zinasuguana bure. Geuza usukani kushoto na kulia uone kama waya unakaza. Kurekebisha ni kuzungusha nati tu.

Kisha oili. Pikipiki nyingi klachi yake huoga kwenye oili ileile ya injini, na baadhi ya oili za magari zina viambato vya kupunguza msuguano, vinavyoweza kuitelezesha. Tafuta alama ya MA au MA2 kwenye kopo, inayoonyesha oili inafaa klachi ya aina hiyo.

Yote yakiwa sawa, ndipo fundi afungue. Mwombe apime unene wa pleti na urefu wa springi, alinganishe na kitabu cha pikipiki. Springi zilizochoka huleta dalili zilezile, na bei yake ni nafuu kuliko seti nzima ya pleti.