Ziwa moja, katiba tatu: kwa nini sehemu za nchi hazipewi mamlaka sawa

Nchini Tanzania, dagaa wanaouzwa soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, si jambo la Muungano, yaani si jambo ambalo Bara na Zanzibar zimekubali kulisimamia kwa pamoja. Utabiri wa hali ya hewa anaousikiliza mvuvi kabla ya kuingia Ziwa Viktoria ni jambo la Muungano. Matibabu ya hospitali ya Bugando si ya Muungano, lakini mtihani wa kidato cha nne unaofanywa Nyamagana ni wa Muungano, kwa sababu Baraza la Mitihani limo kwenye orodha ya mambo ya Muungano. Orodha yenyewe iko katika Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977. Mwaka 1964 ilianza na mambo 11; leo ni 22. Nje ya hayo Zanzibar hujiamulia: ina Katiba yake ya 1984, Rais wake, Baraza la Wawakilishi na Mahakama Kuu yake. Tanzania Bara haina serikali ya peke yake. Mambo yake yote yako mikononi mwa Serikali ya Jamhuri ya Muungano.

Huu ndio mgawanyo wa madaraka usiolingana: sehemu za nchi moja kuwa na mamlaka ya aina tofauti. Wengi huona ni upendeleo tu, na wana hoja. Mbunge wa Pemba hupiga kura Dodoma kuhusu bajeti ya afya ya Bara, ilhali mbunge wa Sengerema hana kauli yoyote juu ya zahanati za Pemba. Tume ya Mabadiliko ya Katiba iliyoongozwa na Jaji Warioba ilipendekeza serikali tatu mwaka 2013: ya Muungano, ya Bara na ya Zanzibar. Bunge Maalum la Katiba la 2014 likabaki na mbili. Kasoro hiyo bado ipo, na inastahili kujadiliwa waziwazi.

Hata hivyo, kabla ya kuuliza nani kapewa zaidi, inafaa kuuliza nani anaweza kumnyang'anya. Hapo ndipo Zanzibar na halmashauri zetu zinapoachana kabisa. Kwa Ibara ya 98, mambo ya msingi ya Muungano hayabadilishwi mpaka theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, kila upande kwa hesabu yake, wakubali. Upande mdogo unaweza kusema hapana, na hapana yake ikasimama. Halmashauri ya Misungwi au Magu haina kinga ya namna hiyo. Ibara ya 145 inasema serikali za mitaa zitakuwepo, kisha inaiachia sheria ya kawaida kuamua aina zake. Wazee wa Kanda ya Ziwa wanakumbuka kilichofuata mwaka 1972: kwa mpango uliopewa jina zuri la Madaraka Mikoani, halmashauri za kuchaguliwa zilivunjwa na kazi zao zikachukuliwa na watumishi wa serikali kuu. Za wilaya zilirejea miaka ya 1980, baada ya Sheria Na. 7 ya 1982.

Lakini kuandikwa ndani ya katiba nako hakutoshi. Ng'ambo ya kaskazini ya ziwa, Katiba ya uhuru wa Uganda ya 1962 iliipa Buganda hadhi ya shirikisho ambayo wilaya za kawaida hazikuwa nayo. Lukiiko, bunge la ufalme huo, liliruhusiwa hata kuchagua wabunge 21 wa Buganda katika Bunge la taifa. Mwaka 1966 Waziri Mkuu Milton Obote alisimamisha Katiba hiyo, jeshi likavamia ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, huko Mengo, naye Kabaka Mutesa II akakimbilia Uingereza. Katiba ya 1967 ikafuta falme zote. Ziliporudi mwaka 1993 zilikuwa za utamaduni, bila madaraka ya kutawala.

Kenya ilichagua njia nyingine. Katiba ya 2010 imeunda kaunti 47 zenye mamlaka yanayofanana: Kisumu, Homa Bay na Turkana zina kazi zile zile kisheria, na kila moja inachagua seneta mmoja. Walioiandika walijua usawa wa mamlaka hauondoi ugumu wa mahali, ndiyo maana Ibara ya 204 inatenga asilimia 0.5 ya mapato ya taifa kwa Mfuko wa Usawazishaji, uwapelekee waliobaki nyuma maji, barabara, afya na umeme.

Somo hilo la Kenya linatugusa sisi wa Mwanza kuliko watu wanavyodhani. Halmashauri ya Ukerewe na Halmashauri ya Kwimba zimeundwa chini ya sheria moja, zina majukumu ya aina moja, na wakurugenzi wa zote mbili huteuliwa na Rais. Kwimba ni nchi kavu. Ukerewe ni visiwa. Mgonjwa wa Ukara anayehitaji hospitali kubwa lazima avuke maji, mwalimu anayehamishiwa huko lazima avuke maji, mbao, saruji na dawa vivyo hivyo. Na kivuko cha Rugezi–Kisorya, kinachoiunganisha Ukerewe na Bunda, kinaendeshwa na TEMESA, wakala wa serikali kuu. Madiwani wa Nansio, mji mkuu wa Ukerewe, wanaweza kulalamika kuhusu ratiba yake, kuipanga hawawezi. Kwa maoni yangu huu ni usawa wa karatasi, na wananchi wa visiwani ndio wanaoulipia.

Kurekebisha hili hakuhitaji katiba mpya. Ibara ya 145 inaruhusu vyombo vya aina na majina yatakayowekwa na sheria, kwa hiyo Bunge linaweza kuunda halmashauri ya visiwa yenye kauli juu ya vivuko na yenye kigezo chake cha ruzuku kinachohesabu gharama ya kuvuka. Visiwa vya Kome na Maisome, vilivyoko Halmashauri ya Buchosa, vingeweza kuingizwa katika mpango huo. Ila sheria ya kawaida hufutwa kwa wingi wa kawaida wa kura. Visiwa vya Åland nchini Ufini vina sheria ya mamlaka ya ndani ambayo Bunge la Helsinki haliwezi kuibadilisha mpaka bunge la visiwa hivyo liridhie. Ukerewe haihitaji mamlaka mapana kiasi hicho. Sharti la ridhaa, hata likihusu vivuko na ruzuku peke yake, inalihitaji, na mahali pa kuliweka ni ndani ya Katiba, siku mchakato wake utakapofunguliwa tena.