Usalama wa binadamu: dhana aliyoihangaikia Sadako Ogata

Usalama wa taifa hulinda mipaka na serikali. Usalama wa binadamu humwangalia mtu mwenyewe: je, anakula, anatibiwa, analala bila hofu? Nchi inaweza kuwa na jeshi imara huku raia wake wakifa kwa njaa, au wakifukuzwa makwao na hao hao waliopaswa kuwalinda. Ripoti ya maendeleo ya 1994 ya UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ndiyo iliyolitangaza neno hili, lakini jina linalotajwa nalo mara nyingi ni la Mjapani Sadako Ogata.

Ogata alikuwa mhadhiri wa siasa za kimataifa kabla ya kupelekwa New York, mwaka 1976, katika ujumbe wa Japani kwenye Umoja wa Mataifa. Mwaka 1991 akawa Kamishna Mkuu wa Wakimbizi, yaani mkuu wa shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, mwanamke wa kwanza kushika kiti hicho.

Hakukaa hata miezi mitatu. Wakurdi wa Iraki walimkimbia Saddam Hussein, Uturuki ikafunga mpaka, na mamia ya maelfu wakakwama milimani kwenye baridi. Mkataba wa kimataifa wa wakimbizi wa 1951 humtambua mkimbizi akiwa nje ya nchi yake. Hawa walikuwa bado ndani. Kuwahudumia huko huko kungeweza kuzipa nchi jirani kisingizio cha kufunga milango, na hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Ogata akaamua shirika liingie Iraki. Kwake, kuokoa uhai kulitangulia mstari wa mpaka.

Goma, mji wa Zaire (leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo), ilionyesha upande mchungu. Julai 1994 Wanyarwanda wapatao milioni moja waliingia Zaire kwa siku chache, kipindupindu kikaua makumi ya maelfu. Ndani ya kambi, wauaji wa mauaji ya kimbari walijichanganya na raia, wakashika ugawaji wa chakula na kuwatisha waliotaka kurudi. Ogata aliomba walinzi kutoka Umoja wa Mataifa, hakupata. Shirika likaishia kugharamia askari wa Zaire wapatao 1,500. Ndiyo maana alirudia kusema kwamba matatizo ya kibinadamu hayana suluhu ya kibinadamu: mahema na unga havifanyi kazi ya siasa.

Tume aliyoiongoza pamoja na mchumi Amartya Sen, iliyotoa ripoti 2003, iliipa dhana miguu miwili: ulinzi unaotoka juu, yaani sheria, polisi na huduma, na uwezeshaji unaoanzia kwa watu wenyewe. Ukikata mmoja, mradi unachechemea. Zahanati inajengwa, lakini njia ya kuifikia ina mabomu ya ardhini. Au mabomu yanateguliwa na mkulima hana mbegu.

Wengi huichanganya dhana hii na ruhusa ya kuvamia nchi kijeshi. Azimio 66/290 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, la 2012, linasema wazi kuwa haihusu matumizi ya nguvu. Mwaka huo huo Ogata aliondoka JICA, shirika la misaada la Japani alilolisimamia tangu 2003.